Mjane Mwenye Mkufu na Ufunguo wa Kabati

Jumapili, tarehe 1 Julai 1956. Kindu.

Kosa la watu wengi ni kusoma kitabu kwanza, ndipo wakisifie. Kazi ya kinyumenyume! Mtu akishasoma, macho yamechoka, kichwa kimejaa mambo ya watu asiowajua, na sifa zinazomtoka ni za uvivu: kizuri, kirefu, kinahuzunisha. Mimi, Louis Onema, mwalimu kwa miaka thelathini na mmoja, sasa nimepumzika, husifu kwanza. Sifa yangu hutoka ikiwa na nguvu zake zote.

Leo baada ya misa, mkutano wa serkle. (Naeleza kwa faida ya wajukuu watakaolikuta daftari hili: serkle ni chama chetu cha kusoma. Chumba kimoja, viti vya kukunja, kabati moja la vioo lenye vitabu arobaini.) Mtunza kabati amehamishiwa Kalima, kwenye machimbo ya bati. Ufunguo umebaki bila mwenyewe. Ufunguo wa shaba, una uzi mwekundu. Anayeuvaa shingoni husalimiwa kwa namna nyingine njiani. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Bwana Edouard, karani wa posta na mkubwa wa serkle, ametoa sharti. Kiangazi hiki, shule zimefungwa, mto umeshuka, watu wana nafasi. Kila mwanachama achague kitabu kimoja, akisifie kwa rafiki zake. Baada ya wiki tatu, aliyewavuta wasomaji wengi kuliko wote atapewa ufunguo.

Nusu ya mji huu nimeifundisha herufi A. Ufunguo ni wangu. Imebaki serkle ipate habari tu.


Jumanne, tarehe 3 Julai

Nimechagua kitabu.

Nina vitabu kumi na vinane nyumbani, vyote vya Ulaya. Mzungu mmoja wa meli za mto aliniachia sanduku zima alipokuwa anarudi kwao. Navipangusa vumbi kila Jumamosi. Hakuna hata kimoja kilichokatwa! Na hapa inafaa nieleze. Vitabu vya Ulaya hufika na karatasi zake zikiwa zimekunjwa, kingo zimefungana, na mwenye kitabu huzikata kwa kisu ukurasa baada ya ukurasa. Watu wenye pupa hukata mara moja. Mimi hapana. Kitabu kilichokatwa ni kama suti iliyokwisha kuvaliwa kwenye harusi ya mtu mwingine.

Nilichochagua kina jalada la kijivu, herufi nyekundu, kurasa mia tatu na kumi na mbili. Jina la mtungaji ni refu, lina vistari viwili katikati, dalili ya ukoo bora. Kinaitwa *La Veuve à collier*. Veuve ni mjane. Collier ni mkufu. Basi: Mjane Mwenye Mkufu. Hadithi yenyewe imekwisha kujieleza!

Ukurasa wa kwanza ulikuwa wazi, nikausoma wote. Unasema hivi: "Aliyemwona mara moja katika vazi lake jeusi, na dhahabu shingoni, hatamsahau. Anapenda wenzake, ila ana wivu, na akifungiwa peke yake hudhoofika." Maneno mazito. Nikafunga kitabu kwa heshima. Mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, akipewa mwanzo wa namna hiyo, mengine anayakamilisha mwenyewe.

Mama Claire, mke wangu, aliuliza kama nimemaliza kusoma. Nikamjibu kwamba nimemaliza yaliyo ya lazima.


Alhamisi, tarehe 5 Julai

Leo nimekwenda kupima nguvu za mshindani.

Ni Hamadi, fundi wa nguo, cherehani yake iko karibu na msikiti. Mtu mwema, mdomo mkali. Na kitabu chake je? Daftari la babu yake! Limeandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, habari za babu huyo alivyotembea kwa miguu kutoka pwani hadi huku Maniema. Hakina mgongo. Hakina mji wa kupigia chapa. Kina mafuta ya taa kwenye jalada. Hamadi huliweka juu ya meza ya cherehani na kusoma kwa sauti huku anashona. Penye hatari miguu yake husimama, cherehani hunyamaza, na watu wote hushika pumzi. Ujanja wa sokoni. Nilihesabu watu tisa.

Nikamweleza kwa upole kwamba kitabu ni kitu kilichopigwa chapa. Akaendelea kukanyaga cherehani. Akasema, "Mwalimu, Kurani ilipoteremka, mashine ya chapa ilikuwa wapi?" Watu wakacheka. Sikujibu. Mwalimu hajibu penye kelele.

Badala yake nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikasema, kana kwamba nazungumza na mkongojo wangu, kwamba mimi kiangazi hiki nimekutana na mjane mmoja. Vichwa vikageuka! Nikaendelea. Mumewe, nahodha wa meli katika mto mpana kama wetu, kafa kwa homa. Kamwachia mkufu wa dhahabu. Matanga hayajaisha, shemeji yake, ndugu wa marehemu, kaja na kiti chake mwenyewe, kakaa mlangoni, anadai mali ya marehemu.

Mama Jacqueline, muuza samaki, mjane wa miaka sita, aliyekuwa amekuja kuchukua kitenge chake, alipiga makofi mara moja. "Njo vile! Na ule shemeji wangu alikuya na kiti!" Akataka kujua kama mjane alitoa mkufu. Nikasimama. Nikavaa kofia. Nikasema: yote yamo kitabuni.

Niliondoka na watu wanne nyuma yangu. Cherehani ya Hamadi ilikuwa kimya.


Jumapili, tarehe 8 Julai

Ushindi, na pia tatizo dogo.

Ushindi: watu kumi na mmoja wanakitaka kitabu. Tatizo: wanakitaka kweli. Wanataka kwenda nacho nyumbani, wakiweke karibu na vyungu, wapakue mchuzi juu yake!

Nimepata dawa. Nimetangaza kwamba kitabu cha daraja hili hakitembei, bali wasomaji ndio hukiendea. Kila siku saa kumi alasiri, baraza ya nyumba yangu. Msomaji ananawa mikono kwenye beseni. Anakiangalia kitabu, kimelala juu ya kitambaa cheupe. Anaruhusiwa kugusa mgongo. Kisha mimi namweleza yaliyomo, kwa kuwa Kifaransa cha kitabu ni kigumu, tena si kila mtu anakiweza. Akimaliza jina lake linaandikwa katika orodha ya wasomaji. Jambo safi, lina mpango.

Mama Claire alikuwa anachambua mchele. Akauliza, bila kuinua kichwa, "Baba Claire, hawa wamesoma kitabu ao wamekusoma weye?"

Mwanamke mwenye akili, lakini hakwenda shule za juu.


Jumatano, tarehe 11 Julai

Wasomaji kumi na watano! Hamadi ana kumi na wanne, nimehakikisha.

Baraza haitoshi. Leo watu walikuja na viti vyao. Nilieleza jinsi mjane alivyouficha mkufu ndani ya chungu cha unga wa mihogo. Mtu mmoja wa gari-moshi akauliza kama Ulaya wanalima mihogo. Nikaeleza, maana kueleza ni kazi yangu, kwamba wanalima, ila kwa sababu ya baridi haiinuki, inatambaa kama viazi. Akaridhika. Kila swali lina jibu lake, ukimwangalia mtu machoni.

Kikwazo kimoja. Nilisema mjane alibaki na watoto saba. Mama Jacqueline akainua kidole kama darasani. Juzi walikuwa watano! Anawajua mmoja mmoja, anawaombea. Nikasema kwa utulivu kwamba kati ya sura ya tatu na ya sita walizaliwa mapacha. Akauliza: kwa mume gani, maana nahodha ni marehemu? Minong'ono mikubwa. Viti vikasogea. Nikawaacha wanong'one kidogo, ndipo nikaeleza kwamba siku ya mazishi mjane alikuwa na mimba ya miezi miwili, na ndiyo sababu alilia akiwa amekaa. Mama Jacqueline alifuta machozi. Wanaume wawili walimlaani shemeji kwa sauti.

Napaswa kuandika hesabu ya watoto mahali fulani. Nimeandika hapa: saba. Wawili mapacha. Mmoja anaitwa Robert.


Jumamosi, tarehe 14 Julai

Pélagie amerudi kutoka Pangi.

Pélagie ni mwalimu wa wasichana kwa masista, na katibu wa serkle. Nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mtoto wa kuuliza "kwa nini" hata kwenye jedwali la kuzidisha. Alikuwa Pangi kwa mama yake, analima. Na jambo la kwanza alilolisikia alipotua mzigo ni mjane wangu.

Alikuja asubuhi. Akapiga goti kidogo, akanisalimia vizuri: shikamoo Mwalimu. Akaomba kuazima kitabu.

Nikamweleza kwamba kitabu hakitembei. Akasema anaelewa. Nikamweleza habari ya panya. Akasema kwake kuna paka. Nikamweleza vumbi la kiangazi, moshi wa mashamba yanayochomwa, unyevu wa asubuhi. Akasema anaelewa yote, na akatoa kwenye mkoba wake karatasi yenye mkono wa Bwana Edouard. Kitabu ambacho hakiazimwi hakihesabiwi kuwa kimesifiwa!

Wasomaji wangu kumi na tisa, kufutwa hivyo hivyo, kama chaki!

Nilifikiri haraka. Kurasa zimefungana. Hawezi kusoma bila kukata, na hawezi kukata mali ya mwalimu wake aliyemfundisha kushika kalamu. Basi ataona jina, ataona ukurasa wa kwanza, ataona ugumu wa jambo, na atakirudisha kwa heshima. Tena nitapata jina la Pélagie katika orodha! Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Nikamwambia asikikate. Akakipindua, akaangalia kingo, akaniangalia mimi. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Nimefurahi sana. Adui akikuomba kamba, mpe, umwonyeshe na mti.


Alhamisi, tarehe 19 Julai

Barua tatu leo, zote zimesafiri ndani ya kikapu cha Mama Claire, kati ya samaki na majani ya mihogo.

Ya kwanza, kutoka kwa Pélagie. Anauliza kwa adabu: mimi Mwalimu nilisomaje ukurasa wa sita na wa saba, nao umefungwa pande mbili?

Nikajibu nyuma ya karatasi hiyohiyo. Nikaeleza kwamba wasomaji wa kweli hawakati, huchungulia. Unaukunjua ukurasa taratibu kama kufungua mdomo wa gunia, unaweka jicho, unasoma ndani, kama mtu anayeangalia ndani ya mzinga wa nyuki. Kunahitaji subira, ambayo vijana hawana. Nilipomaliza kuandika niliona ni jibu zuri sana. Nikalisoma mara mbili kwa sauti.

Saa sita, barua ya tatu. Maneno matatu tu. "Mwalimu, nimechungulia. Mayai."

Mayai!

Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Mama Claire alinieleza samaki wanaungua, sikusikia. Mayai gani? Halafu nikaona mwanga. Bila shaka! Mjane, baada ya shemeji kuchukua shamba, anaanza biashara ya mayai! Ndivyo mwanamke hodari anavyosimama. Mtungaji huyu wa vistari viwili ni mtu wa akili, na mimi nilikuwa nimekwisha kuelekea hukohuko bila kujua. Mawazo makubwa hukutana njiani.

Saa kumi, mbele ya watu ishirini na wawili, nilitoa mayai. Mjane anafuga kuku watatu, kisha thelathini, kisha anauzia meli zilezile alizoendesha marehemu mumewe, na shemeji aliyekalia kiti chake mlangoni analazimika kumnunulia yeye mayai ya asubuhi. Kelele! Mama Jacqueline alisimama akacheza. "Mwanamuke hakai mikono mitupu! Niliwaambia!" Mtu wa gari-moshi akasema huyo shemeji auziwe mayai mabovu. Wakabishana mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba.

Hamadi alikuwamo! Alisimama pembeni, sentimeta ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Aliponiona nimemwona, akasema alikuwa anapita tu. Hakupita. Alisimama saa nzima. Alipoondoka, akarudi hatua mbili, akauliza kwa sauti ya chini kama mjane atauza mkufu ili kuongeza kuku. Nikamwambia aje Jumapili kwenye serkle, atasikia mwisho pamoja na wengine, na ataniona nikivaa uzi mwekundu.

Mshonaji wa watu nimemshona mimi.


Jumapili, tarehe 22 Julai

Siku ya ufunguo. Naandika kwa mkono thabiti.

Suti nyeusi. Tai. Orodha yangu ya wasomaji nimeikunja mara nne katika mfuko wa kifuani. Ishirini na watatu! Hamadi: kumi na saba. Chumba cha serkle kimejaa mpaka dirishani. Mama Jacqueline kaja na mashoga zake wa soko la samaki, wote wamevaa vitenge vya sikukuu. Hawakuja kwa ajili ya ufunguo. Wamekuja kusikia mwisho wa mkufu.

Bwana Edouard akahesabu. Akainua ufunguo. Nikasimama kidogo, nusu kiti nusu hewani, kwa unyenyekevu.

Ndipo Pélagie akaomba neno. Akasema, kama katibu, kwamba yeye ni msomaji wa ishirini na tatu katika orodha ya Mwalimu, na kila msomaji ana haki ya kusema alichosoma. Akatoa kitabu changu. Bado hakijakatwa! Mtoto mtiifu, nakubali. Alikuwa amechungulia chote, jicho moja limevimba kidogo. Akakifungua kama mdomo wa gunia, sawasawa nilivyomfundisha, akaweka jicho, akatusomea, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili polepole.

"Apewe mtama mweupe na maji safi kila asubuhi."

Mama Jacqueline akaguna. Mwenye mkufu wa dhahabu anakula mtama?

"Tundu lake liwe na urefu wa mita moja, ili mkia usivunjike."

"Mukia?" Mtu wa gari-moshi alisimama. "Mujane iko na mukia?"

Pélagie akashusha kitabu. Akaeleza kwa sauti ileile ninayoijua, kwa kuwa ni yangu, niliyomfundishia. Katika Kifaransa, akasema, veuve ni mjane, na pia ni jina la ndege. Yule ndege mdogo mweusi mwenye mkia mrefu, anayerukaruka juu ya majani huko mashambani, shingo yake ina rangi ya dhahabu. Wazungu humfuga ndani ya tundu. Kitabu hiki ni cha kufuga ndege.

Nilisikia kiti cha kukunja kikijikunja chenyewe.

Akaongeza kwamba mayai alinitajia ili nijue mapema, nipate nafasi ya kujirekebisha. Kisha akasoma mahali pa mwisho. "Mjane hajengi kiota. Hutaga mayai yake katika kiota cha ndege mwingine, akaenda zake, na kumwachia kazi ya kulea."

Hamadi akapasuka. "Mwalimu! Huyu ndege ni ndugu yako tumbo moja! Kiota cha mwenzake, mayai yake!" Na serkle yote, makarani, wauguzi, mashoga wa samaki, walicheka mpaka Bwana Edouard akavua miwani. Pélagie tu hakucheka. Aliangalia chini.

Nilisimama. Nikaeleza, kwa subira, kwamba mjane ni mjane, awe na mabawa au asiwe nayo. Kwamba kitabu kizuri kina maana ya juu na maana ya ndani. Kwamba mimi nilisoma ya ndani zaidi. Kelele zilizidi. Orodha yangu ikafutwa: ishirini na wawili walionisikia mimi hawakusoma kitabu. Hamadi, kumi na saba, mshindi! Kwa daftari lisilo na mgongo!

Hamadi akaenda mbele. Akaushika ufunguo, akaupima mkononi kama anavyopima uzi. Kisha akasema mambo yasiyo ya kawaida kwake. Kwamba wasomaji wake nao walisikiliza tu, hakuna aliyejua herufi za babu. Kwamba katika chumba hiki mtu mmoja amesoma kitabu kuanzia mwanzo hadi mwisho, tena kwa jicho moja. Akamvalisha Pélagie ufunguo. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, mawili.

Nilidhani yamekwisha. Hayakwisha. Mama Jacqueline alikuwa bado amesimama, mikono kiunoni, hakucheka tangu mwanzo.

Akasema ndege ni ndege, hana neno naye. Yeye anauliza habari ya yule mwanamke. Yule wa kwetu, wa baraza ya Mwalimu. Mkufu bado umo ndani ya chungu? Shemeji aliinuka kwenye kile kiti? "Mwalimu, watoto saba wale, utawaacha njiani?"

Waliokuwa wanacheka waliniangalia. Hamadi aliniangalia. Na mimi, niseme ukweli katika daftari langu, nilikuwa na jibu. Nilijua mkufu uko wapi. Nilijua shemeji atafanywa nini. Nilifungua mdomo.

Nikaufunga. Siwezi kumaliza mbele ya watu hadithi ambayo haimo katika kitabu chochote! Ingekuwa kukiri. Nikasema nina mafua, nikavaa kofia, nikatoka nikiwa wima. Watu wote waliniona mgongo, na ulikuwa umenyooka.


Jumatatu, tarehe 23 Julai

Pélagie alikuja asubuhi, ufunguo shingoni. Alisalimia vizuri kama kawaida. Niliijibu salamu yake kwa namna nyingine kidogo, mdomo wenyewe uliamua.

Alileta vitu vitatu. Kitabu changu, kizima. Kisu kidogo cha kukatia karatasi, mpini wa pembe, zawadi kutoka kwake na Hamadi, walichanga. Na daftari jipya la kurasa mia moja, tupu. Akasema serkle yote imeomba nimwandike yule mjane, toka matanga hadi mwisho. Atalipiga namba arobaini na moja, aliweke ndani ya kabati la vioo pamoja na vitabu vingine. Akasema Mama Jacqueline amekwisha kuandikisha jina lake la kwanza kuazima, na hajui kusoma, na ameomba Pélagie amfundishe kabla sijamaliza. Alikuwa na machozi kidogo, sijui kwa nini. Labda lile jicho.

Nikamshukuru. Nikaeleza, kwa subira, kwamba kuandika vitabu ni kazi ya watu wasio navyo. Mimi ninavyo kumi na vinane.

Alipokuwa anatoka, aliangalia rafu yangu. Akaona kitabu nitakachosifu mwezi wa nane, nimekwisha kukitoa mbele: *La Demoiselle des étangs*. Demoiselle ni binti. Binti wa Madimbwi! Hadithi ya mapenzi, yenye maji mengi. Pélagie aliuma mdomo. Akauliza kama nina hakika huyo binti hana mabawa. Nikamjibu kwamba mabinti hawana mabawa, nimezaa mmoja. Mama Claire, pale jikoni, alikohoa kwa muda mrefu. Ni moshi.

Nimekaa na kufikiri tangu hapo, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kila kitu kilikwenda vizuri: jina, mgongo, kitambaa cheupe, sauti yangu. Kurasa tu! Zingekuwa zimekatwa, Pélagie asingeuliza. Asingeuliza, asingechungulia. Asingechungulia, ufunguo ungekuwa wangu sasa hivi, na mjane angekuwa bado anauza mayai.

Kisu hiki ni kikali. Nimekwisha kumaliza vitabu sita tangu saa nne, na kila kimoja sasa kinaonekana kimesomwa na mtu mwenye haraka. Pembeni nimepaka mafuta ya mawese kidogo kwa kidole gumba, kurasa moja moja, si zote. Daftari lile tupu nalo limepata kazi: nimelichana vipande virefu, kurasa zote mia, navipenyeza humo ndani kama alama za mahali nilipofika. Rafu yangu haijawahi kupendeza hivi! Mama Claire aliokota kipande kimoja sakafuni, akakipindua pande zote mbili, akauliza mbona hakina neno. Nikamweleza kwamba alama haihitaji neno.

Nawe utakayelisoma daftari hili, kama una vitabu nyumbani, usingoje mtu aje kuviazima. Chukua kisu, ukate kurasa zote leo.